Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa sio hati ya kumiliki ardhi jamani

Wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu, na hiyo ya tatu ndo imenikalisha niandike. Mteja anaingia ofisini kashika bahasha ya kaki, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, anagonga kidole pale kwenye muhuri: "Wakili, mi nilinunua kiserikali kabisa, mwenyekiti alikuwepo." Nikisikia hivo najua mgogoro tayari upo, maana mwenye kiwanja kilichotulia haji kwangu saa mbili asubuhi na bahasha.

Sasa tuelewane. Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi mnayemchagua kila baada ya miaka mitano, anaitisha mikutano, anahangaika na ulinzi shirikishi na taka, anakuandikia barua ya utambulisho ukienda NIDA kufuata kitambulisho cha taifa au ukienda kumdhamini ndugu yako polisi. Kazi nzuri na ngumu, na wengi wanaifanya kwa posho ya kuonea huruma. Ila hakuna sheria iliyompa ardhi akugawie, wala iliyompa kazi ya kuthibitisha kwamba huyo anayekuuzia ndo mwenye mali. Akisaini mauziano yenu amesaini kama shahidi, yaani aliwaona mkihesabiana hela. Basi.

Kuna mama mmoja, anauza chakula, kajinyima miaka sita akanunua kiwanja nje kidogo ya Dar kwa milioni 8. Kafuata kila alichoambiwa na watu, kaenda ofisi ya mtaa, kasaini, kagongewa muhuri, katoa na laki 8 "ya serikali". Mwaka mmoja mbele anakuta mtu kamwaga tofali pale pale, na huyo mtu naye ana karatasi, muhuri ule ule na sahihi ile ile, tarehe tu ndo zimepishana miezi minne. Walipomfuata mwenyekiti akajibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye alishuhudia tu. Mama alitaka kumrukia, lakini ukweli ni kwamba kwa hilo jibu mwenyekiti alikuwa sahihi kisheria na mama ndo alikuwa amemuelewa vibaya toka mwanzo. Kosa la mwenyekiti liko kwenye laki 8.

Na hiyo laki 8 ndo inayonichefua kuliko yote. Ile asilimia 10 ya mauziano inayodaiwa na ofisi za mitaa haina sheria nyuma yake, viongozi wa serikali wenyewe wameshaipigia kelele mara kibao na bado inadaiwa, na watu bado wanatoa wakiamini wananunua ulinzi. Nadhani mkanganyiko unatokana na TRA, Mamlaka ya Mapato, maana kweli ipo asilimia 10 kwa mkazi anayeuza ardhi, ila hiyo ni kodi ya faida aliyopata, anailipa muuzaji, inalipwa TRA kwa namba ya malipo, sio wewe mnunuzi kumwekea mtu mezani noti kwenye bahasha. Wewe mnunuzi kinachokuhusu ni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, na huo ulipe kweli, kwa sababu mkataba usiolipiwa stempu ukiupeleka kama kielelezo upande wa pili unaupinga na usipolipia unakaa pembeni. Nimeona watu wanatoa asilimia 10 isiyokuwepo halafu wanakwepa asilimia 1 iliyopo. Nashindwa hata kukasirika.

Hapa atatokea mtu aseme "lakini kijijini kwetu bila serikali ya kijiji mauziano ni batili". Sawa kabisa ndugu yangu, na ndo pale watu wengi wanapochanganya. Kijiji sio mtaa. Kwenye kijiji ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na hiyo imeipa HALMASHAURI ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, halmashauri yenye wajumbe 15 mpaka 25, sio mwenyekiti peke yake na rafiki yake. Halmashauri nayo haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu. Ukinunua shamba la kimila bila halmashauri kupitisha, mahakama zetu zimeshasema tena na tena kwamba hapo hujanunua kitu. Kwa hiyo kijijini usiombe muhuri, omba muhtasari wa kikao ulioandikwa majina ya waliohudhuria na walichoamua. Mwenyekiti akikwambia "kikao tutaandika baadae" chukua bodaboda urudi nyumbani.

Halafu miji inakua, kijiji kinaingizwa mjini kinageuka mitaa, halmashauri ya kijiji inakufa, lakini watu wanaendelea na mazoea yale yale kana kwamba mwenyekiti wa mtaa karithi mamlaka ya kijiji. Hajarithi. Mamlaka ya kupanga, kupima na kumilikisha mjini yako halmashauri ya mji au manispaa na kwa Kamishna wa Ardhi, na ardhi yenyewe yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini wake kwa niaba yetu. Wewe unapewa haki ya kuitumia, miaka 33, 66 au 99 kama una hati.

Kwa hiyo fanya hivi, nawaambia wateja wangu mpaka wananiona kasuku. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba nenda idara ya ardhi ya halmashauri husika, uliza hilo eneo kwenye mchoro wa mipango miji limepangwa nini, maana unaweza kuuziwa shule, eneo la wazi, au hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande toka katikati, halafu siku moja unaamka ukuta una X nyekundu ya kubomolewa. Kama kiwanja kina hati, fanya sechi kwa Msajili wa Hati, yaani uangaliziwe kwenye daftari kimeandikwa jina la nani, haichukui muda na ni bei ndogo kuliko hiyo bahasha. Waulize majirani wa pande zote nne, sio mmoja aliyeletwa na dalali. Na kama ni nyumba ya familia mke au mume wa muuzaji lazima aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, sio "mke wangu yuko Singida ila anajua". Mkishamaliza hayo yote muiteni mwenyekiti ashuhudie, simkatai, shahidi anayejulikana mtaani ni shahidi mzuri. Ila awe wa mwisho kwenye foleni.

Mengine ninayoyasikia kwa wateja, haraka haraka kwa sababu nina watu nje wananisubiri.

"Mjumbe ni serikali." Hapana, mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la CCM. Toka vyama vingi virudi 1992 hilo lilipaswa kuisha vichwani, lakini bado naletewa mikataba ya ardhi imesainiwa na balozi, ndo huyo huyo mjumbe. Ni jirani yako huyo.

"Nilishashinda baraza la kata." Toka marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata halihukumu mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hujashinda, mlikaa mkaongea.

"Mbunge hajatujengea barabara." Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, toka 2017, za mikoa na kuu ni za TANROADS, wakala mwingine wa serikali. Mbunge kazi yake, ibara ya 63 ya Katiba, ni kuisimamia na kuishauri serikali, yaani mbane kwa nini bajeti haijafika, usimbane kuhusu lami kana kwamba anayo stoo. Tatizo wenyewe wanapenda kusema "nimewaletea", hapo siwatetei.

"Serikali ikitaka eneo inachukua tu." Inaweza kulitwaa, ndio, lakini ibara ya 24 ya Katiba inasema kwa fidia inayostahili. Siku mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali yako, anapita uwe nyumbani, usimtume mtoto, angalia kila mti na kila chumba kimeandikwa kabla hujaweka dole gumba.

Yule mama kesi yake iko Baraza la Ardhi na Nyumba, imeahirishwa mara mbili. Mwenyekiti ameitwa shahidi, na pande zote mbili zimemwandika kuwa wa kwao.