Udongo na hina kwenye nywele za kipilipili: maswali ninayoulizwa Kirumba

Kikoba chetu hukutana Jumamosi jioni hapa Kirumba, Mwanza. Hesabu zikishafungwa, vilemba huvuliwa na maswali ya nywele huanza. Wananiuliza mimi kwa sababu ni muuguzi, na kwa sababu nimeacha dawa ya kunyoosha nywele miaka mingi sasa. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara, na majibu ninayowapa.

Dada, nimeosha kwa udongo mara mbili tu na nywele zimekuwa kama katani. Si walisema udongo unalainisha?

Unalainisha ukiwa mbichi. Ukikauka kichwani, unafanya kinyume chake.

Angalia ukuta uliokandikwa upya. Ukiwa na maji ni laini na unang'aa. Jua likiupiga, unajikunja na kupasuka. Udongo wa kuoshea nywele, uwe bentonaiti, kaolini nyeupe au ghasuli ya Moroko, ni chembe ndogo sana zenye kiu. Ukiwa umelowa, chembe hizo hukamata jasho, vumbi na mabaki ya mafuta, na vyote huondoka na maji ya kusuuzia. Maji yaliyomo yakiisha, zinatafuta mengine, na yaliyo karibu ni ya nywele zako na ngozi ya kichwa chako.

Nywele zetu nazo zina shida yake. Mafuta ya asili hutoka kwenye ngozi ya kichwa na yanatakiwa yateremke mpaka nchani. Kwenye unywele ulionyooka yanateleza tu. Kwenye unywele wa kipilipili yanakutana na kona baada ya kona, kwa hiyo ncha hubaki kavu hata kama kichwa kina mafuta. Ukiongeza udongo uliokaukia hapo, unazivunja.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mara ya kwanza nilijipaka nikakaa barazani, mwezi wa Julai, upepo wa ziwa ukivuma na jua limewaka, nikingoja "ushike vizuri". Ulishika mpaka ukawa magamba. Nilipopitisha kitana, vipande vya nywele vilibaki kwenye meno yake. Nilikata inchi mbili nzima, na ziliniuma kwa sababu nilikuwa nimezikuza kwa uvumilivu.

Kuna sababu ya pili, isiyosemwa sana. Nywele hupenda uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) ya kama 4.5 hadi 5.5. Bentonaiti iko upande wa pili, mara nyingi 8 au zaidi, kama sabuni ya mche. Ukiichanganya na maji matupu, magamba madogo ya unywele huinuka na maji ya ndani hupotea haraka. Dawa yake ni siki.

Basi niuchanganye vipi?

Kwa nywele zinazofika shingoni, chukua vijiko 5 vya chakula vya udongo, kijiko 1 cha siki na kijiko 1 cha mafuta ya nazi au ya nyonyo. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, ukikoroga mpaka upate uzito wa mtindi. Ukiwa mzito kama ugali hautaenea, utavuta nywele, na utakauka kabla hujamaliza kupaka upande wa pili.

Tena, mama zangu, hapa Kanda ya Ziwa tuna kitu kizuri kuliko vingi vya dukani: bamia. Chemsha bamia 6 au 7 zilizokatwa, chuja ule mlenda kwenye kitambaa, kisha uutumie badala ya nusu ya maji. Unateleza mno, na vidole vinapita kwenye mafundo bila kung'oa. Hautibu chochote, ila unapunguza msuguano, na kwenye nywele za kipilipili msuguano ndio unaokata nywele nyingi.

Lowesha nywele kwanza. Hili watu wanaliruka, halafu wanashangaa. Zigawe mabutu manne, paka butu moja moja, ukimaliza funika kichwa kizima kwa kofia ya plastiki ya saluni. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Ukigusa ukaona pameanza kukauka, nyunyizia maji hapo hapo. Suuza kwa maji mengi ukiwa umeinamisha kichwa nyuma ili yasiingie machoni. Paka kondishena, suuza, kisha mafuta kidogo nywele zikiwa bado zimelowa.

Mara moja kwa wiki 2 au 3 inatosha. Kila wiki ni nyingi mno kwa mtu mwenye nywele kavu.

Kuna udongo mweupe mzuri tunachimba bure. Na ule wanaokula wajawazito je?

Usichimbe. Najua bei ya ule wa dukani inauma, lakini udongo wa ardhini unaweza kuwa na mbegu za pepopunda, mayai ya minyoo na kinyesi cha mifugo, na kichwani huwa hapakosi kikwaruzo cha kitana au cha kusukwa. Isitoshe, sisi ni majirani wa machimbo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na maeneo ya jirani hutumia zebaki kukamata dhahabu, na zebaki hiyo huishia kwenye udongo na vijito. Kwa macho huwezi kuiona.

Ule wa kula, pemba, ni habari nyingine, na hapo siongelei nywele tena. Kama una mimba na unatamani udongo, waambie kliniki wakupime damu. Hamu hiyo mara nyingi hutembea pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuwa na risasi, ile metali, inayomdhuru mtoto tumboni.

Sisi wa kandokando tunasuuzia ziwani. Maji ni mengi na udongo unatoka haraka kuliko kwa ndoo. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko ukavu wowote wa nywele. Ningependa swali hili liulizwe kwanza kila Jumamosi.

Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha tumbo. Konokono wadogo wanaoishi penye majani na maji yaliyotulia hutoa vimelea wasioonekana kwa macho. Vimelea hao hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Sasa fikiria mtu anayesuuza udongo kwenye nywele za kipilipili: anasimama majini nusu saa au zaidi, kiuno kimelowa, tena mchana jua likiwa kali, saa ambazo konokono hutoa vimelea wengi. Anatoka na kichwa safi. Miaka inapita, tumbo linaanza kuuma, damu inaonekana kwenye choo, na ini linaumia polepole.

Mwambao wa mawe hauokoi, wala sabuni, wala kujifuta haraka kwa khanga. Kinachosaidia ni kuteka maji na kuyaacha yakae siku 2 kwenye ndoo iliyofunikwa, isiyo na konokono. Vimelea hufa kabla ya hapo kwa kukosa mwili wa kuingia. Ukiwa na haraka, yachemshe, yapoe. Maji ya bomba yaliyosafishwa hayana shida hii. Na anayeteka asimame kwenye gati au jiwe, asizame majini mpaka magotini.

Kama umeoga au kufua ziwani tangu utotoni, nenda kituo cha afya ukapimwe choo. Dawa ipo, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito au kimo chako na humezwa. Haikukingi na maambukizi mapya, kwa hiyo ukirudi majini unaweza kuugua tena.

Ndoo tatu hutosha kusuuza udongo ukiusuuza butu kwa butu. Nimepima.

Hina nayo? Dada mmoja alilala nayo usiku kucha, asubuhi nywele zikawa kama waya.

Nimemwona. Alikuwa amekamulia ndimu 4, akafunga kitambaa cha pamba kilichonyonya maji yote, akalala. Hapo makosa matatu yamekutana.

Majani ya mhina yana rangi inayong'ang'ania keratini, ile protini inayojenga unywele. Haikai juu kama vumbi, inashikamana nao. Ndiyo maana hina haifutiki kwa shampuu, na ndiyo maana unywele huonekana mnene na wenye nguvu. Lakini unywele ulioshikwa hivyo pia hukakamaa kidogo, na mikunjo hulegea. Ukirudia nywele nzima kila mwezi, rangi hujipanga juu ya rangi, na ncha ambazo ndizo kongwe hubeba mzigo wote. Kwa hiyo ukishapaka nywele zote mara moja, safari zinazofuata paka mizizi tu, pale palipoota.

Ndimu si lazima. Tindikali nyingi ikikaa saa 8 kichwani inakausha na kuwasha ngozi. Tumia maji ya uvuguvugu, au chai ya rangi iliyopoa. Gramu 100 za hina iliyosagwa na kuchekechwa vizuri zinatosha nywele za shingoni. Ile yenye mchanga na vijiti huchubua unapoisuuza. Ikoroge, ifunike, iache saa kadhaa. Weka tone kiganjani dakika 5: likiacha alama ya rangi ya chungwa, iko tayari. Hapo ndipo unaongeza asali kijiko 1 au utomvu wa alovera.

Paka kwenye nywele safi, zenye unyevu. Funika kwa kofia ya plastiki, kisha kilemba juu. Saa 2 au 3 zinatosha. Kwa mwenye nywele kavu sana nashauri achanganye hina nusu na kondishena nusu: rangi itakuwa hafifu, ila nywele zitabaki laini.

Kinachoamua mwisho wake ni saa moja inayofuata. Suuza mpaka maji yawe meupe, paka kondishena nzito, funga taulo lililochovywa maji ya moto likakamuliwa, kaa nusu saa. Wanaolalamika kuwa hina inakausha, nikiwauliza walipaka nini baadaye, wengi hunyamaza. Rangi usiihukumu siku hiyo, huendelea kukolea siku 2 au 3.

Nataka iwe nyeusi. Niongeze piko?

Hapana, mdogo wangu. Hina halisi haitoi weusi, ni rangi ya chungwa hadi nyekundu ya kahawia. Kinachoitwa hina nyeusi mara nyingi kina kemikali ya PPD, iliyomo kwenye piko. Sheria za Ulaya huiruhusu kwenye rangi za nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na si kwa kuchorea ngozi. Anayeichanganya kwa kijiko chumbani hajui kiwango chake. Inaweza kuleta malengelenge, uso kuvimba na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja, utaikataa maisha yako yote.

Ukitaka weusi, paka hina kwanza, isuuze, kisha paka unga wa majani ya nili. Na hata hina safi ijaribu kwenye mkunjo wa kiwiko, usubiri saa 48. Ukivimba midomo au kupumua kwa shida, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Bibi anataka kumpaka mjukuu mchanga hina kichwani na miguuni.

Kwa heshima zote kwa bibi, asimpake. Sehemu zenye malaria kama kwetu zina watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na wengi hawajijui. Hina inapopenya ngozi ya mtoto wa namna hiyo, chembe nyekundu za damu huvunjika. Mtoto huwa na macho ya njano, mkojo mweusi kama koka, hulegea na kupauka. Ukiona hivyo, ni dharura. Mtu mzima aliyeambiwa ana upungufu huo naye aiache hina.

Nina hina kichwani, nataka kuweka dawa ya kunyoosha au blichi.

Subiri. Hina iliyochanganywa na chumvi za metali ikikutana na blichi inaweza kuchemka na kuunguza nywele. Mwambie msusi ukweli, na ajaribu kwenye nywele chache zilizokatwa kabla ya kugusa kichwa.

Mwanangu ana mapunye. Udongo utaponya?

Hautaponya. Mapunye ni fangasi aliyeingia ndani ya mzizi wa unywele, ambako udongo, hina wala mafuta hayafiki. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya daktari, na vitana vya nyumba nzima vioshwe na visichangiwe. Mba wa kawaida unaweza kupungua kichwa kikiwa safi, lakini mba wenye magamba ya mafuta na mwasho usioisha unataka shampuu ya dawa. Na ukiona ngozi inang'aa pale nywele zilipotoka, nenda kliniki ya ngozi mapema, kwa sababu mizizi ikishageuka kovu haioti tena.

Nikitaka kutumia vyote viwili, nianze na kipi?

Udongo Jumamosi hii, hina Jumamosi ya wiki ijayo, na katikati yake kondishena mara moja. Msuko mzito usubiri siku chache, kwa sababu nywele zilizotoka kwenye hina huwa ngumu kidogo na zikivutwa hukatikia kwenye paji la uso. Mimi husuka twende kilioni iliyolegea, nafunga satini usiku, na asubuhi nanyunyiza maji kabla sijagusa mafuta.