Mboga za Majani Si Nyepesi Kama Unavyodhani: Kurudi Kwenye Chakula Kigumu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Wiki ya tano baada ya kupunguzwa tumbo, shangazi alinipikia matembele. Aliyachambua, akayakata, akayaunga kwa nyanya na kitunguu, akanipimia kwenye kibakuli kidogo kwa huruma. “Hiki chepesi mwanangu, hakina neno.” Vijiko vitatu vilitosha. Saa nzima nilikuwa bafuni natema mate yenye povu, kifua kimebana kama niliyemeza kokwa ya embe.

Shangazi hakuwa na kosa. Alirudia tu yale ambayo wengi wetu tunayaamini.

Nazungumzia upasuaji wa aina mbili zinazofanywa zaidi. Wa kwanza ni wa kukata asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki jembamba kama mrija. Wa pili ni baipasi, ambapo kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, huunganishwa na utumbo. Puto la kujaza nafasi tumboni ni habari nyingine: huingizwa kwa mdomo bila kukatwa popote, hutolewa baada ya miezi kadhaa, na ratiba yake ya kula ni tofauti. Na hata kwa hawa wa upasuaji, hospitali hazifanani. Ratiba ya daktari aliyekupasua ndiyo ya kufuata, hata ikipingana na niliyoandika hapa.

“Mboga ni chakula chepesi, anza nazo”

Wepesi wa mboga uko machoni. Jani la matembele au sukuma wiki lina nyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuziyeyusha. Linachoweza ni kuzikandakanda mpaka ziwe ndogo za kupita, na kinu cha kazi hiyo ni sehemu ya chini ya tumbo. Aliyefanyiwa baipasi, kinu chake kimewekwa kando kabisa, na tundu la kutokea kwenye kifuko lina upana wa sentimita moja na kitu. Mwenye tumbo la mrija kinu anacho, ila njia ya kukifikia ni nyembamba, na wiki za mwanzo bado imevimba. Nyuzi ndefu zikifika hapo hujisokota kama kamba. Mara chache, hasa kwa watu wa baipasi, nyuzi ambazo hazikutafunwa hukusanyika zikawa donge gumu linaloziba njia, na kulitoa ni shughuli ya hospitali. Utando mweupe wa chungwa na nyuzi za nanasi ni washukiwa wa siku nyingi. Machicha ya nazi pia yamo.

Kwa hiyo mboga huja nyuma, na huja kwa zamu. Ratiba nyingi huenda hivi: wiki mbili za vitu vya majimaji, kisha vilivyosagwa laini mpaka wiki ya nne, kisha vyakula laini mpaka ya nane hivi, ndipo chakula cha kawaida kidogo kidogo. Kwenye hatua ya vyakula laini, kipimo changu ni uma: kisichopondeka kwa uma, bado. Boga, mumunye na karoti zilizochemshwa hadi zikalegea hupita vizuri. Biringanya pia, likimenywa. Nyanya na pilipili hoho hutolewa ganda, maana ganda halitafuniki. Hujikunja tu likashuka zima.

Kwenye majani, nilichojifunza kilinishangaza. Kisamvu, ambacho kila mtu alinitishia nacho, kilipita kabla ya matembele. Sababu ni kinu cha mbao: kisamvu hutwangwa, kikapikwa muda mrefu, nyuzi zimeshakatwa kabla hazijafika mdomoni. Ila punguza tui zito, mafuta mengi huendesha tumbo. Mchicha mchanga nao haukunisumbua, ukichambuliwa majani matupu, mashina ukawaachia wengine. Mlenda ulishuka wenyewe. Kachumbari, kabichi mbichi na mahindi ya kuchoma vilikuja mwisho kabisa, miezi mitatu imeshapita.

Jambo jingine: kwenye sahani, mboga haiwi ya kwanza. Mwili unaojenga upya unahitaji protini, kwa kawaida gramu 60 hadi 80 kwa siku, na nafasi ni ndogo mno. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Mchicha uliopikwa wa uzito huohuo una gramu 2 au 3. Ukianza na mboga, umeshiba kabla hujafika kwa samaki.

“Ugali laini haudhuru, hata mtoto anakula”

Hebu jitazame unavyokula ugali. Unakata tonge, unalifinyanga, unachovya, unameza. Hatutafuni ugali! Tumelelewa kuuteleza. Sasa tonge lililofinyangwa vizuri, likiingia kwenye njia ya sentimita moja, hukaa pale kama kizibo. Mkate mweupe na chapati hufanya vilevile, vikilowa hugeuka donge la unga. Wali nao huwasumbua wengi. Vyote hivi hurudi baadaye, kwa ncha ya kijiko, baada ya protini na mboga. Wengine hugundua kwamba hawavihitaji sana.

“Basi saga kila kitu, unywe”

Kusaga ni kwa wiki chache. Ukiendelea kunywa parachichi, embe, ndizi na asali kwenye glasi moja, vinapita bila kukushibisha, na uzito husimama. Aliyefanyiwa baipasi hukutana na balaa zaidi: sukari nyingi ikimwagika utumboni kwa mkupuo, ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, kichefuchefu, kuhara, na hamu ya kulala chini palepale. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka ghafla akaanza kutetemeka.

“Kikikwama, shushia na maji”

Hapana. Maji yanakuta njia imezibwa, yanarudi nayo. Acha kula, simama, tembea taratibu, subiri. Maji ya siku, lita moja na nusu hadi mbili, yanywe kati ya mlo na mlo. Ukimaliza kula, subiri nusu saa.

“Kutapika ni kawaida, tumbo linazoea”

Kutapika mara moja kwa sababu ulikula haraka, sawa. Onja kitu kimoja kipya kwa siku, tafuna mpaka kiwe uji, tumia dakika 20 au 30 kwa chakula kinachojaa kikombe cha kahawa. Kikikataliwa leo, kijaribu tena baada ya wiki mbili. Matembele yale yale sasa nayala.

Lakini ukitapika siku nzima na maji hayakai, nenda hospitali. Kuna hatari ambayo watu hawaijui. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Ikiisha, mtu huona vitu viwili viwili, huyumba, huchanganyikiwa, na asipotibiwa haraka madhara yanaweza kubaki. Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ukifika mapokezi, kabla hata ya jina, iwe: “Nilipasuliwa tumbo la kupunguza uzito.” Homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, hasa wiki za mwanzo, usisubiri hata kutapika.

“Mboga nakula za kutosha, vidonge vya nini?”

Hapa ndipo wapenda mboga tunapojidanganya. Mchicha una madini ya chuma, ndiyo, lakini mwili hupokea sehemu ndogo tu, na chai ya rangi juu yake huzidi kuipunguza. Aliyefanyiwa baipasi, chakula chake kinairuka ile sehemu ya utumbo inayofyonza zaidi chuma na kalsiamu. Vitamini B12 kwenye majani haimo kabisa; iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na hata huko tumbo lililopunguzwa hushindwa kuitoa vizuri. Vidonge au sindano ni vya maisha. Chuma na kalsiamu vinagombana, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili.

Tatizo la B12 ni kwamba ini huweka akiba ya muda mrefu. Anayeacha vidonge mwezi wa nne anajiona mzima, nguo zinampwaya, watu wanamsifia, vipimo vya damu haviendei. Ganzi ya vidoleni inakuja mwaka wa pili au wa tatu, wakati hata yeye ameshasahau kuwa kuna kitu aliacha.