Ukaguzi rasmi wa nafaka: cheti kinasema nini, na hakisemi nini

Meli inapakia tani 50,000 za mahindi. Mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari na hajaona hata punje moja. Muuzaji anaapa kwamba mzigo ni safi. Ukaguzi rasmi ni kazi ya mtu wa tatu, asiyeuza wala kununua, mwenye mamlaka ya serikali ya kuupima mzigo huo na kuuandikia cheti.

Huko kutokuwa na upande hakuji kwenyewe. Marekani ilipitisha sheria ya viwango vya nafaka mwaka 1916, ila ukaguzi wenyewe uliendelea kufanywa kwa sehemu kubwa na wakala binafsi wenye leseni. Miaka ya 1970 ikafichuka kashfa ya rushwa katika bandari ya New Orleans, na mwaka 1976 Bunge likaunda idara maalumu ya serikali kuu kusimamia kazi hiyo.

Kinachopimwa si shehena nzima, ni sampuli, na hapo ndipo penye ufundi (na penye ujanja pia). Nafaka ikimwagwa lundo, vumbi na vipande vilivyovunjika hutua katikati, punje nzima zikabingirika pembeni. Anayechota pembeni atapata mahindi mazuri kuliko yaliyomo. Gunia huchomwa kwa bambo, chuma chenye ncha na uwazi cha kuchotea punje; lakini nafaka inayopita kwenye ukanda kuelekea melini hukatwa na mashine inayopita katikati ya mkondo kila baada ya muda mfupi, ili kila sehemu ya mzigo iwakilishwe.

Sampuli hugawanywa, huchekechwa, huchambuliwa kwa mkono, hata hunuswa. Mahindi ya daraja la pili la Marekani, kwa mfano, hayaruhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 3 ya vipande na takataka, wala zaidi ya asilimia 5 ya punje zilizoharibika. Unyevu huandikwa kwenye cheti, lakini kwa mahindi haya hauamui daraja. Wengi hudhani unaamua.

Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haina rangi wala harufu ya kuitambua. Tena hukaa kwa mafungu: punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi huku jirani zake zikiwa salama. Ndiyo maana sampuli yake huwa kubwa na husagwa yote kabla ya kupimwa.

Cheti hiki kisichanganywe na cheti cha afya ya mimea, ambacho hushughulikia wadudu na magonjwa yanayozuiwa na nchi inayopokea. Vilevile kinaeleza hali ya mzigo wakati wa kupakia tu. Safarini joto hubadilika, unyevu huhama ndani ya shehena, na ukungu unaweza kuota. Mikataba mingi husema matokeo ya bandari ya kupakia ndiyo ya mwisho. Mnunuzi asiyesoma kifungu hicho huja kukifahamu siku ngama, tumbo la meli lenye mzigo, inapofunguliwa.