Hundi Imerudi na Kesi Iko Kortini: Mkipatana, Patanani Mbele ya Hakimu

Mchuuzi wa Kizingitini, huku kwetu Lamu, aliyeuza kamba wa baharini kwa hoteli ya Shela akalipwa kwa hundi, kisha benki ikairudisha, ana haki ya kwenda polisi. Kifungu cha 316A cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinasema ni kosa kutoa hundi hali unajua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, au umeshaiagiza benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Lakini faini ni ya serikali. Hundi ikiwa ya shilingi 400,000 na mshtakiwa akatozwa faini, mchuuzi haoni hata senti ya faini hiyo. Korti ina uwezo wa kuamuru fidia, ila mpaka hukumu isomwe, kila kesi inapoahirishwa ni nauli ya boti kuja mjini Amu kwenye korti na siku ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo wengi hutaka kupatana, na sheria inawaunga mkono. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inazitaka mahakama zihimize mapatano. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu kusimamisha au kumaliza kesi ya kosa dogo la kati ya watu wawili, kwa malipo au masharti aliyoyakubali yeye.

Linalonisikitisha ni jinsi watu wanavyopatana. Wanakaa barazani, mdaiwa anatoa nusu, iliyobaki anaahidi mwezi ujao inshallah, na kesho yake mlalamishi anasimama kortini kusema ameondoa malalamiko. Hapo ndipo watu wanapoumia. Chini ya kifungu cha 204 cha Sheria hiyo ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, hakimu akiridhika na kuruhusu malalamiko yaondolewe, mshtakiwa anaachiliwa huru moja kwa moja, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Nusu iliyobaki itabidi uidai kwa kesi ya madai, isiyo ya jinai. Ni tofauti na upande wa mashtaka unapoiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea: huyo anaweza kurudishwa kortini.

Basi mapatano yaandikwe. Yataje nambari ya kesi, nambari ya hundi, kiasi na tarehe ya kila malipo, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, kisha apewe kiongozi wa mashtaka ayafikishe kwa hakimu. Ombeni tarehe ya kesi kutajwa itakayokuja baada ya malipo ya mwisho, na malalamiko yaondolewe siku hiyo, pesa zikiwa zimeshaingia. Usikubali hundi nyingine ya mtu yuleyule kulipia ile iliyorudi. Pesa ziwekwe benki au zitumwe kwa M-Pesa, ambayo hupitisha hadi shilingi 250,000 kwa mara moja. Na wala usimkabidhi askari pesa za deni. Kesi hii ni ya Jamhuri, na hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma haiondoi bila ruhusa ya korti.

Kuna jambo ambalo watu wa hapa kwetu hawalijui, nalo lawahusu sana. Wakati wa masika, hoteli zikiwa hazina wageni, wauzaji hupewa hundi ya tarehe ya mbele. Kifungu cha 316A hakiihesabu hundi ya namna hiyo kuwa kosa kwa sababu ya upungufu wa pesa. Ukipokea hundi ya Disemba mwezi wa Mei, umekopesha. Njia yako ni kesi ya madai, na una miaka 6 ya kuifungua. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kwa kuwa tangu 2009 hundi haivuki milioni 1, deni la hundi moja huingia humo.

Wengine hutaka kulipeleka deni la hundi kwa Kadhi. Mahakama yake, kwa ibara ya 170 ya Katiba, ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu. Hilo halimzuii imamu au mzee wa mtaa kuwakalisha pande mbili. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na aya ya 282 inaamuru deni liandikwe na lishuhudiwe. Nawaomba wasuluhishi wazishike zote mbili, kwa sababu ya kwanza husomwa sana vikaoni na ya pili husahauliwa.

Nawe uliyetoa hundi, usijifiche. Mwendee mwenye haki yake mapema, kabla hujasomewa mashtaka ikiwezekana, na kila unapolipa dai risiti iliyoandikwa nambari ya hundi na kiasi kilichobaki.