Jinsi Sakafu ya Bahari Ilivyothibitisha Kwamba Mabara Husogea

Mwaka 1912 Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, alitangaza kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi kavu moja ambayo baadaye ilimeguka na kutawanyika. Wanajiolojia wengi walimpinga vikali. Hoja yake inayojulikana zaidi ni ile ya pwani ya mashariki ya Amerika Kusini kuoana na pwani ya magharibi ya Afrika, nayo hupata nguvu zaidi tunapolinganisha ukingo halisi wa bara, ulio chini ya maji, badala ya ufuo ambao huhama kila usawa wa bahari unapopanda au kushuka. Edward Bullard na wenzake walifanya ulinganisho huo kwa kompyuta mwaka 1965, katika kina cha takriban mita 900, na kingo hizo zikaoana vizuri sana.

Hata hivyo, kwa maoni yangu uzito wa kazi ya Wegener ulikuwa kwenye visukuku na miamba. Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini asiyeweza kuvuka bahari kuu, amepatikana kusini mwa Afrika na Amerika Kusini tu. Majani ya mmea wa kale uitwao Glossopteris yamo katika miamba ya mabara hayo mawili, na pia India, Australia na Antaktika. Wapinzani walijibu kwamba palikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyokuja kuzama. Jibu hilo lina kasoro kubwa, kwa kuwa miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile ya sakafu ya bahari, na kitu chepesi hakiwezi kuzama ndani ya kizito kikatoweka. Alichokosa Wegener ni maelezo ya nguvu inayoyasukuma mabara, na alifariki Greenland mwaka 1930 kabla ya kuyapata.

Ushahidi uliobadilisha mawazo ya wanasayansi ulitoka baharini. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp na Bruce Heezen walichora ramani za sakafu ya Atlantiki, na Tharp akabaini bonde la ufa linalopita juu ya safu ya milima iliyo katikati ya bahari hiyo. Mwaka 1962 Harry Hess alieleza kwamba kwenye safu kama hizo miamba iliyoyeyuka hupanda kutoka chini, hupoa na kuwa sakafu mpya, huku sakafu ya zamani ikisukumwa pande zote mbili.

Dhana hiyo ingeweza kupimwa. Lava inapopoa, chembe zake za madini ya chuma huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na usumaku huo umegeuka mara nyingi, mara ya mwisho ikiwa takriban miaka 780,000 iliyopita. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kwamba, ikiwa Hess alikuwa sahihi, sakafu ingekuwa na mistari ya usumaku inayofanana kila upande wa safu. Ndivyo vipimo vilivyoonyesha. Kisha meli ya utafiti Glomar Challenger, iliyoanza kazi mwaka 1968, ilitoboa sakafu ya Atlantiki ya Kusini, na umri wa sampuli ukaongezeka kadiri zilivyokuwa mbali na safu.

Leo tunajua kwamba ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, na kwamba mabara ni abiria tu juu yake. Mengi husogea kwa sentimita chache kwa mwaka, mwendo ambao setilaiti huupima moja kwa moja. Sakafu iliyozeeka na kupoa huwa nzito, hivyo huinama kwenye mifereji ya kina kirefu na kudidimia chini ya bamba jirani, ikisababisha matetemeko yanayofikia kina cha takriban kilomita 700. Sehemu hiyo inayozama hulivuta bamba lote lililo nyuma yake, na mvuto huo ndio unaohesabiwa leo kuwa nguvu kuu ambayo Wegener hakuweza kuionyesha.