Parks and Recreation haikushinda Emmy. Kwa hiyo?

Mtu akiniambia tena kwamba Parks and Recreation, ile komedi ya televisheni ya Marekani kuhusu ofisi ya bustani za mji, "ingekuwa nzuri kweli ingeshinda Emmy," ile tuzo kubwa ya televisheni huko, nitamdai pesa ya muda wangu. Kazi yangu ni kuhariri video za vichekesho. Asiyecheka asicheke, sina ugomvi naye. Kinachonikera ni huyu anayehesabu sanamu za tuzo kabatini kisha anadhani amepima kazi.

Hesabu tuzimalize haraka. NBC ilianza kuirusha Aprili 2009, ikaifunga Februari 2015, misimu saba. Iliteuliwa Emmy mara 14, ikatoka mikono mitupu. Amy Poehler, anayeigiza Leslie, mhusika mkuu, aliteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike wa komedi kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2015, akakosa mara zote sita, nne kati ya hizo mbele ya Julia Louis-Dreyfus wa komedi nyingine, Veep. Nick Offerman, yule Ron Swanson mwenye masharubu, kwa nafasi hiyo hakuteuliwa kabisa. Hata kuteuliwa tu!

Halafu linakuja lile neno ninalolichukia: "Mle kamera inatikisika tu, watu wanajisemea." Jamani. Ile kamera inayojifanya ya watu wa filamu za makala inatikisika kwa mpango. Zumu, yaani kamera kuvuta picha karibu, ikichelewa kidogo kicheko kinakufa; ikiwahi, mtazamaji anahisi unamlazimisha acheke. Tena hakuna vicheko vya kubandika vya kukuokoa. Kwenye komedi ya studio, watazamaji wakicheka unapata nafasi ya bure kabla ya kauli inayofuata. Hapa nafasi hiyo unaitafuta mwenyewe, kwenye uso wa yule anayesikiliza, wala si wa anayeongea. Wengi wanaoanza kuhariri hukata kwa msemaji kila anapofungua mdomo, kisha wanashangaa mbona utani umepoa.

Chukua "Flu Season" ya msimu wa tatu. Andy yuko kwenye kompyuta, anamweleza Leslie aliye mgonjwa hoi kwamba ameingiza dalili zake na mashine inasema huenda ana tatizo la mtandao. Chris Pratt, anayemwigiza Andy, aliibuni kauli hiyo papo hapo, kwenye skripti haikuwamo. Nikisimulia hivyo najibiwa, "Si umeona, bahati!" Bahati gani? Kuna mtu alikaa kwenye taimlaini ya programu ya kuhariri akaamua hiyo ndiyo teki, yaani rekodi ya kutumika, ianzie wapi, ikatwe lini, nani aonekane baada yake. Teki nzuri iliyokatwa vibaya haimchekeshi mtu.

Na hapo ndipo Emmy inapokwama. Mwigizaji aliyeteuliwa huwasilisha episodi moja kwa wapiga kura. Sasa Jerry, yule mfanyakazi anayetaniwa na wote, utamwasilisha vipi kwa episodi moja? Jina lake ni Garry; wenzake ofisini wanamwita Jerry, baadaye Larry, baadaye Terry, naye anameza tu. Utani huo unajengwa miaka, mpaka episodi ya mwisho ambapo hata jiwe la kaburi lake limekosea jina la ukoo. Ukimwonyesha mpiga kura jiwe hilo peke yake, ataona kosa la tahajia.

Haya, na mimi niseme ukweli. Msimu wa kwanza, episodi sita, ulikuwa dhaifu: Leslie alionekana mpumbavu zaidi kuliko mwenye bidii, na aliyeizima pale asirudi tena simlaumu sana. Louis-Dreyfus naye ni hatari. Sina hakika kama ningemnyima kura yangu. Mwaka unaoniuma ni 2011. Msimu ule wa tatu uliteuliwa kuwania komedi bora, Modern Family ikabeba, ya pili katika tano mfululizo. Modern Family ni nzuri, sibishi. Lakini tano mfululizo?

Kuna jambo vitabu vya uhariri havilisemi: kicheko kikishika, hata sisi tuliofungiwa chumbani na kompyuta hatujui ni cha nani. Cha mwandishi? Cha mwigizaji? Cha fremu mbili, vipande vidogo kabisa vya video, zilizotolewa saa nane za usiku? Mimi sijui, na anayedai anajua namtilia shaka. Kwa hiyo sanamu za komedi kuzigawa kwa haki ni kazi ngumu, hilo nawaachia.

Ila ya Offerman haikuwa ngumu. Emmy ya uigizaji alikuja kuipata kwa The Last of Us, ambayo ni tamthilia ya watu kuliwa na kuvu.