Kukimbia nchi si kukimbia kesi

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu kila mara: "Rais ana kinga ya maisha, akishakimbilia ugenini, hakuna wa kumgusa." Si kweli, na ukikufikia tafadhali usiusambaze, maana unawakatisha tamaa waliodhulumiwa.

Hissène Habré, aliyetawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, alikimbilia Senegal. Huko huko Dakar, Mei 2016, alihukumiwa kifungo cha maisha. Enzi za utawala wake, mjini N'Djamena, mji mkuu wa Chad, bwawa la kuogelea lilikuwa limefunikwa zege na kugeuzwa mahabusu. Waliotoka humo hai walidai haki mwaka baada ya mwaka.

Watu huchanganya na kinga ya rais aliye bado madarakani mbele ya mahakama za nchi nyingine. Hiyo ipo. Lakini soma Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kifungu cha 27: cheo hakimwondolei mtu hatia.